Tulilipia sauti, tukaletewa sidii

Wadau, kuna sentensi moja imenikaa kooni tangu wiki iliyopita na nisipoitema itaniletea vidonda vya tumbo. Nilikuwa namhoji promota mmoja wa hapa Dar (jina kapuni, kaomba mwenyewe) kuhusu ziara ya wasanii mikoani. Nikamuuliza kama safari hii wataondoka na bendi. Kacheka, kaweka simu mezani, kaniambia: "Dogo, watu wa mikoani hawajui tofauti. Wewe wapelekee sura waione, wapige picha, basi."

Hawajui tofauti!

Kwa taarifa yake na yenu, mimi ni mtu wa mikoani, tena si mkoani pale stendi. Kwetu ni Ukata, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Kwa wale ambao ramani yao ya Tanzania inaishia Chalinze: unakwenda Songea, unaingia barabara ya Mbinga, unapita Peramiho, Kitai na Kigonsera, ukifika Mbinga mjini lami ya kwako imekwisha, unapanda milima ya Umatengo. Upande mwingine wa milima hiyo ardhi inateremka mpaka Ziwa Nyasa, kwenye wilaya ya Nyasa ambayo zamani ilikuwa Mbinga hiyo hiyo. Tunalima kahawa. Mashamba yetu ya mahindi na maharage ni ngoro, yale mashimo ya miraba kwenye miteremko ambayo wataalamu wanakuja kuyapiga picha. Na tunapenda muziki kupita kiasi.

Sasa niwasimulie jinsi watu wasiojua tofauti walivyoijua tofauti, mwaka 2017.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri maisha yaanze. Kulikuwa na msanii mmoja wa bongo fleva. Simtaji, na ninaomba msinisumbue kwa kubahatisha, kwa sababu aliyoyafanya hakuyafanya yeye peke yake, wenzake kibao wanayafanya mpaka kesho. Ila mjue tu kwamba huyo ndiye aliyekuwa wangu. Nilikuwa na daftari la kaunta buku la maneno ya nyimbo zake, nimeyaandika kwa kusikiliza redio ya betri na kurudia kurudia kwenye simu, neno moja siku mbili. Nilijua anapovuta pumzi. Wimbo wake mmoja una mahali sauti inakatika kidogo kama mtu anayezuia kilio, nami nilikuwa nasubiri pale pale kila mara, moyo unanidunda kana kwamba sijui kinachokuja.

Ikatangazwa kwamba anakuja Songea, Jumatatu ya Pasaka. Kiingilio shilingi 10,000.

Aprili kwetu ni masika, hakuna pesa. Kahawa iko mtini, ya kijani kibichi, mpaka ianze kuiva ni katikati ya mwaka. Ndiyo miezi ambayo wanunuzi wa magoma wanapita majumbani. Kama hujui magoma, ni hivi: mtu anakupa pesa sasa hivi ukiwa na shida, unamlipa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei anayoitaka yeye, ambayo ni ndogo mno ukilinganisha na ya msimu. Serikali inaipiga marufuku kila mwaka, na kila mwaka ipo. Watu wanachukua magoma kwa ajili ya ada, msiba, hospitali. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alichukua magoma ya madebe mawili ili mimi na yeye tukamwone msanii. Baba mkubwa hakuambiwa. Shangazi aliambiwa, akasema tuna wazimu, kisha akatupa na viazi vya kula njiani.

Haya, Jumapili ya Pasaka tuko kanisani. Naomba mshike jambo hili maana nitalihitaji mbele. Kwaya ya kigango chetu ilikuwa imefanya mazoezi Kwaresima nzima, jioni, watu wametoka shamba na matope miguuni. Kinanda kimoja, nacho kina noti mbili zilizokufa, mpiga kinanda anaziruka kwa ustadi mpaka usijue. Sauti nne zote zipo. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa na mafua, akapotea kwenye ubeti wa pili, wenzake wakambeba, akarudi kwenye kiitikio. Watu walilia. Kiingilio: sadaka ya hiari.

Jumatatu alfajiri tukashuka. Bodaboda mpaka Mbinga, matope mpaka magotini, tukaoga stendi kwa maji ya dumu, tukabadilisha mashati, tukapanda basi. Saa kumi jioni tuko Songea. Saa moja usiku tuko mlangoni. Msanii alipanda jukwaani saa sita kasoro usiku.

Sitawachosha kwa kelele za utangulizi, mnazijua: "Songea mpo juuu?", mabaunsa, moshi, mwanga. Alipotokea nilipiga ukelele ambao kaka ananicheka nao hadi leo. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Wimbo ukaanza. Sekunde kama ishirini nilikuwa peponi.

Halafu sikio likaanza kuniambia kitu ambacho moyo haukutaka kukisikia. Ile sauti ilikuwa na mwangwi ule ule wa kwenye simu yangu, na pumzi ilivutwa pale pale, wakati yeye yupo hewani anaruka. Akawaelekezea watu maiki waimbe, sauti yake ikaendelea kuimba. Akafika pale mahali pangu, pale sauti inapokatika. Ikakatika vile vile, kwa kipimo kile kile, na usoni kwake alikuwa anacheka na mtu wa mbele. Ilikuwa rekodi. Si ala tu, wimbo mzima na mdomo wake ndani. Dijei alikuwa amechomeka flashi kwenye kompyuta (siku hizi tunasema sidii kwa mazoea tu, sidii yenyewe haipo) na msanii alikuwa anapiga kelele za "eee!" na "mikono juu!" juu yake. Wenyewe wanaita pleibeki.

Wimbo wa tatu dijei akawahi. Msanii yuko pembeni anakunywa maji, chupa mdomoni, sauti yake ikaanza kuimba ubeti wa kwanza.

Promota, sikiliza hapa. Uwanja mzima uliona. Wakulima, wauza mahindi ya kuchoma, wanafunzi, mwendesha bodaboda, wote. Ilianza kama mzomeo mdogo upande wa nyuma, ukaja mbele: "Laivu! Tunataka laivu!" Watu wasiojua tofauti, hao. MC akaja na porojo zake, hazikusaidia. Ndipo msanii akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nimshukuru au nimchukie kwa ajili yake. Akamwambia dijei azime. Akasogeza maiki, akaimba mistari minne ya ule wimbo wangu, mtupu, bila ala. Sauti ilikuwa na mikwaruzo kidogo, imechoka, na ilikuwa nzuri kuliko ya kwenye rekodi. Mbali kabisa. Uwanja ukanyamaza kama kanisani. Mistari minne tu! Kisha akainua mkono, dijei akarudisha flashi, ukarudi mdomo ukifukuzana na rekodi, nyimbo mbili, "Songea nawapenda", gari, kwaheri. Jumla haikufika nusu saa.

Angekuwa hajui kuimba ningesamehe, ningesema tumetapeliwa na mtu wa kawaida. Lakini kipaji anacho na alikuja nacho mpaka Songea. Kakiacha mfukoni kwa sababu kuna mtu alimhakikishia kwamba sisi hatukistahili.

Nimeyasikia maelezo yao yote, maana kazi yangu ya uandishi inanikutanisha nao. La kwanza ni gharama. Bendi ina watu kumi, wanataka kula, kulala, vyombo, lori. Sawa. Lakini mbona wazee waliweza? NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ndiyo iliyokuja kuwa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978. Bendi za zama zile zilijaza wanamuziki na vyombo kwenye gari na kwenda kupiga mikoani, kwenye barabara ambazo zetu za leo ni peponi ukilinganisha. Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Kwa watu wale muziki ulikuwa kitu kinachofanyika mbele ya watu, usiku kucha. Rekodi ilikuwa kumbukumbu yake tu. Na wengi wao hawakutajirika, jambo ambalo silisifii, nasema tu kwamba hawakuwa na pesa kuwazidi ninyi.

Kilichotokea tunakijua. Miaka ya tisini vikaja redio binafsi na studio za kompyuta, kijana mwenye mashairi akaweza kutoa wimbo bila kumjua mpiga gitaa hata mmoja. Hilo ni jambo jema, na bila hilo tusingempata Sugu wala Profesa Jay. Lakini likazaa kizazi ambacho wimbo wake unazaliwa umeshakamilika ndani ya kompyuta, na jukwaa likageuka kuwa mahali pa kuja kuuonyesha.

Ila hoja ya gharama ina tundu kubwa zaidi, na hapa naomba wadau msinipite. Mimi sidai bendi ya watu kumi! Prodyuza yeyote anaweza kukutolea wimbo wako bila sauti yako, ala tupu. Anabonyeza sauti inazimika, anahifadhi faili, imekwisha. Unakuja nalo kwenye flashi ile ile, kwa dijei yule yule, kwa kompyuta ile ile. Halafu unaimba. Gharama ya ziada kati ya kuimba juu ya ala na kufumbua mdomo juu ya rekodi ni jasho lako. Basi. Lori halimo wala hoteli ya watu kumi. Kwa hiyo msiniambie habari za gharama, semeni hamtaki kutoka jasho, tutaelewana.

La pili, eti sauti inachoka, leo Iringa, kesho Njombe, keshokutwa Songea. Hili nalielewa zaidi, koo ni nyama. Lakini kwaya ya kigango chetu ilikuwa na mama mwenye mafua, na aliimba na mafua yake. Shabiki hataki sauti safi ya studio, hiyo anayo kwenye simu, kaipata kwa bando la mia tano. Kilichomtoa nyumbani ni kutaka kusikia ile iliyochoka.

La tatu, vyombo vibovu na umeme. Ni kweli, Songea ya 2017 ilikuwa bado inawashwa kwa jenereta, gridi ya taifa imefika mwaka 2018. Lakini spika zile zile zilizopiga rekodi yake kwa kishindo zingepiga na sauti yake, na ile mistari minne tuliisikia mpaka nyuma kabisa.

La nne ndilo la promota wangu: hawajui tofauti. Hili halijibiwi kwa hoja, linajibiwa kwa kumweleza mtu anakozungumzia. Milimani kwetu na kule mwambao wa Nyasa, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi, watu wamekuwa wakicheza mganda tangu enzi za mababu. Ni ngoma iliyotokana na beni, ile ya kuiga gwaride za askari wa kikoloni. Profesa Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Mashati meupe, soksi ndefu, ngoma kubwa, vibuyu vinavyopigwa kwa kuimbia ndani yake. Wanawake wana kioda chao. Kijiji kinakialika kijiji, wanashindana, na hukumu inatolewa na watu waliosimama pembeni ambao kila mmoja wao aliwahi kuwa mchezaji. Mtu akikosea hatua bibi wa miaka sabini anaona. Sasa wewe unayetoka Sinza, ambako mara ya mwisho kumwona mtu akipiga ngoma ya ngozi ilikuwa harusini, unakwenda kumfundisha bibi huyo laivu ni nini?

Na msidhani nataka kitu ambacho hakipo duniani. Hapa hapa kwetu, Sauti za Busara inafanyika Zanzibar tangu 2004, na msimamo wao ni huo huo: ukipanda jukwaani pale unapiga na unaimba kweli. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa na umri ambao hakuna aliyeujua kwa hakika, alipanda jukwaa lile akiwa bibi kizee na kuimba kwa koo lake. Afrigo ya Uganda inapiga tangu 1975. Kwingineko duniani pleibeki imewaondolea watu heshima kabisa: Milli Vanilli walinyang'anywa tuzo yao ya Grammy mwaka 1990 ilipojulikana kwamba sauti za kwenye albamu hazikuwa zao, na Uchina imeliweka katazo la kujifanya unaimba ndani ya kanuni za maonyesho ya biashara tangu 2005. Sijasema tuwaige Wachina kwa kila kitu. Kwa hili moja, hapana ubaya.

Maana sisi tunalo baraza. BASATA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1984 na vibali vya maonyesho vinapitia kwake. Na masikio linayo, tena makali: mwaka 2018 liliufungia wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond, na ulipoimbwa jukwaani likawafungia na wenyewe. Kwa hiyo baraza linaweza kujua mtu kaimba wimbo gani, mkoa gani, usiku gani. Nauliza tu, kama mwandishi wa habari na kama mlipa kiingilio: haliwezi kujua kama kaimba? Maadili ni matusi peke yake? Kumtoza mkulima 10,000 ili aangalie mdomo unaotembea, hayo ni maadili ya wapi? Tuna na Tume ya Ushindani, iliyopo kwa sheria ya 2003 ambayo inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu anachouziwa. Ukiuza mbolea feki Mbinga unakamatwa. Ukiuza wimbo feki unapigiwa makofi na kupewa soda.

Ninachotaka ni kidogo mno, promota asiogope. Kwenye bango, chini ya jina la msanii, kuwe na neno moja kati ya matatu: bendi, ala, au pleibeki. Kwa maandishi yanayosomeka, si yale ya chini kabisa kama masharti ya promosheni za simu. Na kwenye tangazo la redio hivyo hivyo. Kibali kisitoke bila neno hilo. Anayetaka kwenda kuangalia sura aende, ni pesa yake, simkatazi, wapo wanaolipa ili kupiga picha na sina ugomvi nao. Anayetaka kusikia ajue mapema kabla hajamwendea mnunuzi wa magoma.

Najua kuna wasanii watanuna. Mmoja tayari kaniambia, tulipokuwa tunalibishana hili juzi, kwamba nina wivu na "sielewi mchezo". Namuuliza tena hapa: kama pleibeki haina aibu, kwa nini maiki mnaishika? Njooni mikono mitupu mcheze tu, tuwaite wachezaji, mbona wachezaji tunawaheshimu. Mnaishika kwa sababu mnajua tulichokuja kununua.

Yale madebe mawili kaka aliyapima Julai, mnunuzi kasimama pembeni anahesabu. Wiki hiyo hiyo bei ilikuwa imepanda. Baba mkubwa aliuliza kahawa inakwenda wapi, kaka akasema tulikwenda Songea kumsikiliza mtu. Mzee akauliza: aliimba? Kaka akasema mistari minne.

Sasa kwa msanii yeyote mwenye koo linalofanya kazi, mwaliko uko wazi. Ukata hatuna jukwaa, tuna ukumbi wa kigango na kinanda chenye noti mbili zilizokufa, mpiga kinanda bado yupo. Gitaa moja linatosha. Kiingilio tutalipa, watu watajaa mpaka madirishani, na nauli ya kutoka Mbinga mjini naitoa mimi. Ila kama ni Aprili usije na gari dogo.